Jina la Mzee Kwenye Cheti

Fomu ya kuandikisha jina la biashara ilikuwa karatasi moja tu, na Shivachi alikuwa ameijaza yote isipokuwa nafasi moja. Aliiweka mbele ya karani, akasimama wima, mikono nyuma. Karani alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, kidole kikasimama.

"Hapa hujajaza. Namba ya ploti."

"Niko Lindi, Kibera, bwana. Ukishuka kutoka reli kuna kinu cha posho, mimi niko mlango wa nne."

"Sijauliza jirani zako. Nimeuliza namba."

"Kule hakuna namba, bwana. Hata landilodi wangu hana."

Mtu mmoja nyuma kwenye foleni akasema, "Aandike namba ya kiatu!" Foleni ikacheka.

Karani hakucheka. Alieleza taratibu kwamba sheria inataka kila biashara iwe na mahali panapojulikana, ili mwenye kesi nayo ajue barua ataipeleka wapi. Alisema jina aliloomba limetafutwa kwenye vitabu na halina mwenyewe, lakini halitamngoja milele. Kisha akairudisha fomu, akamwita aliyefuata. Huo ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa tisini na saba.

Shivachi alikuwa na miaka arobaini na sita. Alitoka Maragoli akiwa kijana mwenye darasa la saba, akafagia ofisi za watu mjini miaka ishirini na miwili. Ndani ya ofisi hizo alizipangusa vumbi kompyuta za kwanza zilipoletwa, na alizibeba mikononi kwenda kwenye takataka zilipochoka. Alipofika miaka arobaini alijiandikisha masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa moja Kawangware, akaketi na vijana waliomwita "baba" kwa heshima na "mdosi", yaani bosi, kwa utani. Walipomaliza mwaka wa kwanza walikuwa wamebaki sita. Yeye alikuwa mmoja wao, na kila jioni kabla ya kubonyeza kitu chochote aliinamisha kichwa akaomba.

Kutokana na mashine mbovu tano alipata nzima mbili. Ndani ya hizo aliandika programu, miezi kumi na moja, mstari kwa mstari. Mwalimu akiiingizia alama za mtihani, programu ilijumlisha, ikatafuta wastani, ikampanga kila mtoto nambari yake darasani, kisha printa ikatoa ripoti safi ya kumpelekea mzazi. Kazi ambayo walimu waliifanya wiki mbili na kalamu, na bado wakakosea, iliisha kati ya chakula cha mchana na chai.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa Mwalimu Wayua, mwenye shule ndogo ya binafsi pale Kawangware. Aliziangalia ripoti zake, akazigeuza, akazinusa kama mkate.

"Shivachi, hii umeandika wewe?"

"Ni Mungu, mwalimu. Mimi nilishika kalamu."

"Basi mwambie Mungu wako shule zingine nane zinaitaka. Tuko na umoja wetu. Lakini kamati haitafanya kazi na mtu wa njiani. Wanataka cheti cha usajili, leseni ya kanjo pale baraza la jiji, na akaunti ya benki yenye jina la biashara."

Karatasi tatu. Na hizo mbili za mwisho huzaliwa na ya kwanza: bila cheti hakuna leseni, na bila cheti hakuna benki itakayokutazama usoni. Ndiyo maana siku ile aliporudi Lindi na fomu yenye nafasi tupu, hakula. Alifunga siku tatu. Mkewe, Kageha, alifunga naye, ingawa yeye huuza mihogo ya kuchemsha na harufu yake ilimtesa kutwa.

Jumapili, baada ya ibada kule Kawangware, Mzee Ephantus alimshika mkono nje ya mlango wa kanisa. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ploti tangu baba yake, na watu waliomfahamu walisema hajawahi kumfungia mpangaji mlango kwa sababu ya kodi.

"Nasikia kijana ya Maragoli imekosa namba," akasema.

"Ni kweli, mzee."

"Mimi niko nayo. Kuna chumba imeangalia barabara, stima iko, mita iko. Leta hizo televisheni zako za kuandika."

"Kodi itakuwa ngapi, mzee?"

"Wewe! Nani hulipisha mbegu kabla haijaota? Utaleta ukishiba."

Shivachi alilia palepale, mbele ya akina mama wa kwaya, na hakuona haya.

Wiki hiyo alikwenda sebuleni kwa mzee na fomu mpya. Nafasi ya ploti ikajazwa, namba ndefu yenye alama ya mkwaju katikati. Akafika penye mwenye biashara. Hapo kalamu ikasimama, na ningependa nieleze kwa nini, maana watu wengi wamemcheka Shivachi bila kuelewa.

Kwao Maragoli mtu akikosa malisho humpeleka ng'ombe wake kwa rafiki amfugie. Mpita njia akiuliza ni ng'ombe wa nani, huambiwa ni wa boma lile alilolala. Mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo, hatasema "ni wangu", kwa sababu hiyo itakuwa kumwaibisha aliyempokea. Na hakuna anayedanganyika, kwa kuwa kijiji kizima kinajua ng'ombe alitoka wapi. Shivachi alikuwa amelelewa hivyo. Sasa yuko ndani ya nyumba ya mtu, anatumia namba ya mtu na stima ya mtu, na karatasi inamuuliza mwenye ni nani. Atajiandika vipi, huku mzee amemkalia mbele akimkorogea chai kwa mkono wake mwenyewe? Tena aliogopa kwamba karani akiona namba ya Ephantus na jina la Shivachi, fomu itarudishwa mara ya pili.

Akaandika: Ephantus Kagiri. Jina lake mwenyewe aliliandika chini kabisa, mahali pa mtu aliyeileta fomu.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akakunja uso. "Shivachi. Mbona mimi? Hii kitu si ni yako?"

"Nyumba ni yako, mzee. Nitajiweka juu yako vipi?"

"Lakini mimi hata hiyo mashine siwezi kuiwasha. Naogopa itaniuma."

"Sisi tunajua, mzee. Na Mungu anajua."

"Haya. Kama tunajua." Mzee akacheka, akatia sahihi polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Safari hii karani hakuona kosa. Baada ya majuma machache cheti kilitoka: Ebenezeri Kompyuta. Sheria inasema cheti kitundikwe mahali penye watu wanaingia, kwa hiyo Shivachi alinunua fremu yenye kioo na kukitundika juu ya printa. Kageha alipokuja kukiona, alikisoma kwa kidole, akakisoma tena.

"Baba Musimbi, wewe uko wapi hapa?"

"Mimi ndiye niliyepeleka fomu."

"Nimeuliza uko wapi."

"Mama Musimbi, mtu akijishusha atakwezwa. Hujasoma?"

"Nimesoma. Lakini sikusoma mahali Yesu alijaza fomu."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa siku ya furaha na Kageha hakutaka kuiharibu.

Mwaka ule ulikwenda vizuri kuliko miaka yote aliyoishi Nairobi. Leseni ya kanjo ilitoka, benki ikafungua akaunti, mzee akienda pamoja naye na fimbo yake kutia sahihi. Alama za watoto ziliingia, ripoti zikatoka. Shivachi alikuwa mtu wa kufuata sheria mpaka ukucha. Kila alichonunua, iwe kompyuta ya tatu, iwe utepe wa printa, iwe waya mita mbili, alimwambia mwenye duka aandike risiti kwa jina la Ebenezeri Kompyuta. Mwalimu wake wa jioni alimfundisha hivyo: mali ya biashara iandikwe kwa biashara. Risiti zote alizihifadhi kwenye sanduku la viatu, zimepangwa kwa tarehe. Jumamosi alifanya kazi mpaka jua linapotua, na kabla ya kufunga duka alimpitia mzee kumsalimia.

Ilipofika mwezi wa kumi mvua ya Elnino ikaanza. Kibera ilikuwa matope mpaka magotini, na Kawangware mitaro ilifurika mpaka milangoni. Mzee Ephantus alishikwa na kifua. Alilazwa wiki moja, akarudishwa nyumbani amekonda, anakohoa kama mtu anayegonga debe.

Wakati huohuo Mwalimu Wayua akaja dukani na karatasi mkononi, mwavuli unamwagika.

"Shivachi, kamati imekubali! Shule tisa, miaka mitatu, kuanzia Januari. Wakili wetu ameandika mkataba. Lakini anasema atie sahihi mwenye biashara mwenyewe, jina kama lilivyo kwenye cheti." Akainua macho ukutani. "Na hapo kwenye cheti ni nani?"

Shivachi akamweleza. Mwalimu Wayua alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hiyo irekebishe haraka, ndugu yangu. Leo kabla ya kesho."

Kesho yake alikwenda mjini. Karani yuleyule alimpa fomu ya kubadilisha mwenye biashara na kumwonyesha mahali pa sahihi. Sahihi moja tu ya Mzee Ephantus, basi. Shivachi aliikunja mara mbili akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Nenda leo," Kageha akasema.

"Mzee ni mgonjwa."

"Ndiyo sababu nenda leo, wakati bado anaweza kushika kalamu."

"Mama Musimbi, sikia unavyosema! Mtu amelala, anahema kwa shida, na mimi niingie na karatasi nimwambie, toa jina lako hapa? Si nitakuwa nampimia sanduku?"

"Wewe si umemwombea kila siku? Basi anakujua moyo."

"Atanijua. Watu wake je?"

"Watu wake ndio naogopa," Kageha akasema.

Alikwenda Jumamosi, na ndizi mbivu za kumpelekea mgonjwa. Waithira, binti wa mwisho wa mzee, aliyefanya kazi ya bima mjini na kuishi hapo kwa baba, alimfungulia mlango, akamwambia asikae sana. Mzee alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Alipomwona macho yalimchangamka.

"Bwana asifiwe, mzee."

"Amina. Umeniletea kuku?"

"Kuku nimemwacha kwenye mazoezi ya kwaya."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, Waithira akaja akamshika mgongo. Ilipotulia akampungia binti mkono atoke. Wakabaki wawili. Nje maji yalikuwa yakianguka kwenye mabati mpaka ikabidi mzee aongee karibu naye.

"Mashine zinafanya kazi?"

"Zinafanya, mzee. Shule tisa zimetuita."

"Tisa! Mungu ni mkubwa. Si nilikuambia?" Akamtazama muda. "Uko na jambo, Shivachi. Nakuona umekaa kama mtu amekalia mwiba. Sema."

Karatasi ilikuwa pale, chini ya mkono wake wa kushoto. Aliisikia ikitoa sauti alipovuta pumzi. Maneno aliyapanga njia nzima kutoka Lindi: mzee, kuna mahali padogo tu pa kutia sahihi. Alifungua mdomo. Akaona mkono wa mzee juu ya blanketi, mishipa imesimama, umefungwa bandeji pale walipomchoma sindano, na akaona kwamba kuuomba mkono ule ushike kalamu ni kuuambia kwamba hautashika tena.

"Hapana, mzee. Nilikuja kukuona tu."

"Kweli?"

"Kweli. Ukipona tutaongea."

"Haya. Nikipona." Mzee akafumba macho. "Basi niombee."

Akamwombea, akapiga magoti kando ya kitanda, ombi refu la machozi, na karatasi ikajikunja zaidi kifuani. Mzee Ephantus alifariki Alhamisi iliyofuata, asubuhi.

Shivachi alichimba kaburi na wazee wa kanisa kule Lang'ata, akiwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Alilia kama aliyefiwa na baba, na hakuna aliyeshangaa. Majuma mawili hakutaja biashara kwa mtu. Ilikuwa Waithira aliyekuja dukani, amevaa nguo nyeusi, akasimama chini ya cheti akakisoma.

"Fundi," akasema, "mimi sikujua baba alikuwa na kampuni."

"Dada, ngoja nikueleze."

Akaeleza yote: namba ya ploti, karani, heshima, ng'ombe wa kufugishwa. Waithira hakuwa mtu mbaya. Aliketi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo maneno mliandika mahali?"

"Hatukuandika. Tulijua tu."

"Nani alijua?"

"Mzee alijua."

"Mzee tulimzika." "Fundi, mimi sikuiti mwizi. Lakini jiweke kwa nafasi yangu. Nyumba ni ya baba, mita ni ya baba. Cheti iko na jina ya baba, leseni hivyo hivyo, mpaka akaunti ya benki. Na karibu mwaka mzima hujalipa rent. Nani hukaa kwa nyumba ya wenyewe bure, kama si mtu ameandikwa kazi?"

"Alinisamehe kodi kwa wema wake."

"Na hiyo pia mlijua tu?"

Wema wote aliotendewa Shivachi ulisimama mbele yake kama shahidi wa upande wa pili. Mwishowe akasema, "Mashine ni zangu. Nilizinunua kwa jasho langu. Risiti ziko."

"Basi leta. Zako uchukue, sitakuzuia."

Akaleta sanduku la viatu. Waithira akazichambua juu ya meza, moja moja, na kwa kila moja akasoma jina kwa sauti ya chini, bila kejeli: Ebenezeri Kompyuta. Ebenezeri Kompyuta. Kufikia risiti ya kumi Shivachi alimwambia aache.

Alirudi kwa karani. Mtu yule alikuwa na sauti ya upole siku hiyo, na upole ule ulimwumiza kuliko foleni iliyomcheka. Akaifungua ile fomu ya kubadilisha mwenye biashara, imelainika kwa jasho, nafasi ya sahihi ni nyeupe.

"Aliyetakiwa kutia sahihi hapa ndiye aliyekufa?"

"Ndiye."

"Basi sasa ni mali ya marehemu. Wenye mirathi ndio wataamua."

"Lakini bwana, wewe ulikuwepo. Mimi ndiye nilikuja mara ya kwanza, ukaniambia sina namba. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, mzee. Lakini sheria haijui mlivyokubaliana. Inajua mlivyoandika."

"Nikiandikisha upya?"

"Jina lingine, sawa. Na uwe na mahali pa kujaza."

"Na programu yangu? Ile ya ndani ya mashine. Hiyo hainunuliwi dukani, niliitoa kichwani."

Karani alimtazama kwa huruma ya kweli. Alisema kwake huandikishwa majina, na kuhusu kitu cha kichwani amwone wakili. Wakili aliyejitolea kusaidia watu wa kanisa, kijana mwenye shati lililofuliwa likafifia, alimpokea siku ya Jumanne akaandika ukurasa mzima. Kisha akauliza kama kuna mkataba. Hakuna. Barua? Hakuna. Shahidi aliyekuwa sebuleni siku ile?

"Mungu," Shivachi akasema.

Kijana akaweka kalamu chini. Hakucheka. Alisema kesi ya namna hiyo inaweza kuchukua miaka sita, saba, na mwisho wake hawezi kuuahidi.

Mwalimu Wayua alimkaribisha ofisini na kumfungia mlango ili wasisikiwe.

"Najua ni yako," akasema kabla hajaulizwa. "Nilikuona hapa ukila mihogo baridi ukihesabu alama na mashine. Niliwaambia kamati."

"Wakasemaje?"

"Waliniuliza, mwalimu, wewe ni cheti?" Akageuza uso dirishani. "Waithira amepata karatasi ya muda ya korti ya kusimamia mali ya baba yake. Walitia sahihi naye Ijumaa. Ningefanya nini, Shivachi? Wazazi wanataka ripoti. Wewe ungenipa karatasi gani niinue mbele yao?"

Shivachi alikaa pale mpaka kengele ya shule ikalia na watoto wakapita dirishani wakikimbia, wale ambao majina yao aliyajua yote kwa herufi na kwa alama, na wao hawakumjua.

Wiki ya kwanza ya Januari, Waithira alimwita. Alikuwa amejaribu kijana mmoja wa chuo cha mjini, Kevin, na Kevin alikuwa ameizungusha ile programu siku nne akashindwa kuingiza ndani yake shule mpya.

"Huyu mdosi aliandika hii kitu na lugha ya malaika," Kevin akasema, akijikuna kichwa. "Sioni mlango, sioni dirisha."

"Fundi, sikufukuzi," Waithira akasema. "Kaa ufanye kazi. Nitakuandika, nikulipe kila mwisho wa mwezi. Hata baba angependa."

Musimbi, binti yao, alikuwa anaingia kidato cha pili na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mihogo ya Kageha ilikuwa imeoza kwenye mvua. Shivachi aliangalia ile kompyuta ya kwanza, ile aliyoitoa kwenye takataka akaipangusa matope kwa fulana yake.

"Sogea, kijana," akamwambia Kevin. Akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuwasha mashine, alibonyeza bila kuinamisha kichwa.

Aliziingiza shule zote tisa kwenye programu kwa siku mbili. Wazazi waliokuja walimshukuru Waithira, naye Waithira alisema, "Ni fundi wetu," akimwonyesha kwa mkono, kwa fahari ya kweli. Shivachi aliitikia, "Karibuni." Alikuja saa mbili, akaondoka saa kumi na moja. Mtu akiuliza jambo la biashara alisema, "Muulize mwenye biashara."

Jumatano ya mwisho ya mwezi ndugu wa maombi wa Lindi walikutana kwenye chumba cha Shivachi, zamu yake ilikuwa imefika. Walikuja saa kumi na moja na nusu, watu tisa kwenye chumba kimoja, wengine kitandani, wengine kwenye madebe. Waliimba. Mama Phanice, kiongozi wao, akasimama akasema kabla ya maombi kuna shukrani: ndugu yetu Shivachi, baada ya kuhangaika kwa miaka mingi, Bwana amempa kazi ya mshahara, tena ya kompyuta, tena ofisi yenye stima. Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Mungu si Athumani, hasahau mtu!" wakacheka kwa furaha.

Kageha hakupiga makofi. Alikuwa akimenya vitunguu pembeni, na kisu kilisimama.

Kisha wakapitisha maombi, mmoja mmoja. Mmoja alitaka mguu wa mamake upone. Mwingine alitaka mvua iache, nyumba yake imekatika ukuta wa nyuma. Walubengo, fundi wa viatu, aliomba apate cherehani. Ikafika kwa mwenye nyumba.

"Na wewe, ndugu Shivachi? Una ombi gani tuliweke mbele za Bwana?"

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Mtu huyu wakati mmoja alikuwa akiomba mpaka wengine wanasinzia, akitaja kila mtu kwa jina, kila mgonjwa, kila mtoto. Wakamngoja. Alitafuta ndani, mahali pale alipozoea kulipata neno la kwanza, akarudi mikono mitupu.

"Sina," akasema.

"Hata dogo?"

"Sina ombi."

"Bwana asifiwe!" Mama Phanice akasema. "Heri mtu aliyetosheka." Wote wakaitikia amina, wakainamisha vichwa, wakaanza kuomba kwa sauti kwa pamoja, sauti juu ya sauti. Kageha aliinua macho akamtazama mumewe katikati ya kelele zile. Alikuwa amefumba macho kama wengine. Midomo yake haikuwa ikitikisika.